Dumu la Dawa Halipandiwi Mboga, Hata Ukilisuuza Mara Tatu

Mama mmoja wa Makorora, hapa Tanga mjini, aliniita nikaangalie nyanya zake. "Bwana shamba, hii rasta imenishinda. Nimepiga dawa ya nzi weupe mara tatu, hela imekwisha." Rasta ni ugonjwa wa virusi wa nyanya unaoenezwa na nzi weupe. Ukutani nilikuta madumu tisa ya lita 5, yamekatwa juu, yamepangwa vizuri, na udongo wake umechanganywa sawasawa na samadi. Majani ya juu yalikuwa membamba na marefu, yamejisokota kama kamba za viatu, na shina limepinda. Rasta haiko hivyo. Jani lenye rasta hujikunja kwenda juu kama kikombe, kingo zinakuwa za njano, na mmea unadumaa.

Niligeuza dumu moja. Chini ya tope kulikuwa na kipande cha lebo kilichobaki: kiuagugu cha mahindi, chenye 2,4-D. Nyanya haiwezi dawa hiyo hata kwa kiasi kidogo sana. Mama akashangaa: "Lakini mimi niliosha! Lebo imeandika suuza mara tatu, nikasuuza mara tatu."

Hapo ndipo wengi wenu mnapopotea, na ndiyo sababu ya kuandika haya. Maelezo ya kusuuza mara tatu hayakuwekwa ili dumu lipate kazi nyingine. Yamewekwa ili dawa yote iishie shambani, na dumu litupwe bila kumdhuru mtu. Dawa hunywewa na ukuta wa plastiki, na sabuni haifiki huko. Ukilijaza udongo mbichi na kuliweka juani, inatoka kidogo kidogo kuelekea kwenye mizizi. Kunusa nako hakusaidii. Zipo dawa zisizo na harufu kabisa.

Na afadhali yule mama, kwa kuwa kiuagugu kilijionyesha kwenye majani. Dumu lililokuwa na dawa ya wadudu halitakuonyesha kitu. Mchicha utatoka laini, utachumwa siku ya 25, utapikwa na nazi, na watoto watakula. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Kusuuza kwenyewe kunafanywa hivi, na kunafanywa palepale dumu linapoisha, siyo wiki ijayo dawa ikishagandia. Tia maji robo ya dumu, funga kifuniko, tikisa sekunde 30, kisha mimina ndani ya bomba la kupulizia. Rudia mpaka zitimie mara tatu. Maji hayo yapulizwe shambani pamoja na dawa, yasimwagwe mtaroni wala karibu na kisima. Halafu toboa kitako cha dumu mara kadhaa, papo hapo, asije jirani akaliomba la maji. Usilichome moto. Muulize muuza pembejeo au ofisi ya kilimo ya kata yanakokusanywa.

Kuna jambo jingine linalowachanganya watu: namba iliyo ndani ya pembetatu kwenye kitako. Namba 2, 4 na 5 ni plastiki zinazofaa kwa mboga. 3, 6 na 7 ziacheni. Lakini namba inataja aina ya plastiki tu, haisemi ndani kulikuwa na nini. Dumu la sumu nalo huwa na namba 2! Kwa hiyo ukienda kwa wauza madumu, swali la kwanza liwe "lilikuwa la nini?" Akisema hajui, au lebo imekwanguliwa, liache hata kama bei ni ya kutupa. La mafuta ya kula chukua. La oili ya gari, rangi au dawa ya kusafishia vyoo, usichukue.

Dumu la lita 20 la mafuta ya kula libebe mche mmoja tu wa nyanya. Toboa matundu 8 hadi 10 yenye upana wa sentimita 1, kwa keekee. Acheni msumari wa moto, moshi wa plastiki unaingia kifuani mwenu. Mchicha unatosheka na kina cha sentimita 20. Jua letu la pwani linaila plastiki: ukipitisha kidole kikatoka na unga mweupe, au ukibonyeza likapasuka, libadilishe kabla vipande havijaingia udongoni. Viroba vya kupandia badilisha kila msimu.



Ikiwa una mboga kwenye dumu la dawa sasa hivi, usichume na usiuze. Usimpe mbuzi wala kuku. Ng'oa, na udongo ule usiurudishe kwenye tuta la chakula. Kisha niite, au mwite afisa ugani wa kata yako, kabla hujanunua dawa nyingine ya rasta.