Baridi ya Upepo: Mwongozo kwa Vijana wa Tanga Wanaokwenda Nchi za Theluji

Mwezi wa Januari, saa kumi na mbili jioni ya Tanga ni saa tatu asubuhi katika jiji la Winnipeg, Kanada. Ilikuwa saa hiyo mpwa wangu aliponipigia simu akiwa amesimama mlangoni, begi mgongoni, hajatimiza hata wiki mbili tangu afike huko kwa masomo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama, ila simu inanichanganya. Inaonyesha hasi 20, halafu chini yake inasema mwili utaisikia kama hasi 33. Nivae kwa kufuata namba ipi?"

Nilimwambia atue begi, arudi ndani na aketi, kwa sababu jibu lake ni refu na linahusu usalama wa vidole vyake, masikio yake na pengine uhai wake. Niliishi kule miaka kadhaa kabla ya kurudi nyumbani. Ninayoyaandika hapa ni yale niliyomweleza siku hiyo, pamoja na mengine ambayo ningependa kila kijana wa Tanga, Muheza au Pangani anayepata nafasi ya masomo au kazi Kanada, kaskazini mwa Marekani au Ufini ayajue kabla hajafunga sanduku lake.

Namba ya pili na maana yake

Kwetu sisi watu wa pwani, kaskazi ni upepo wa joto. Ukianza kuvuma mwishoni mwa mwaka tunajua jua kali limefika, na ubaridi tunausubiri kutoka kwa kusi, katika kipupwe, ambapo hata usiku kipimajoto cha Tanga mjini hubaki karibu na nyuzi 20. Kule mambo yamegeuka: upepo utokao kaskazini ndio unaoshusha baridi, na mtu aliyezaliwa Ngamiani hana kumbukumbu yoyote mwilini ya kumwonya kwamba upepo huo unaweza kumdhuru.

Hata hivyo, kanuni yenyewe tunaijua. Dereva wa bodaboda anayetoka Muheza alfajiri huvaa koti zito na kufunga zipu hadi kidevuni, ilhali mtu aliyesimama kituoni akisubiri daladala amevaa shati tu. Hewa wanayoivuta ni moja. Tofauti ni kwamba mwili wa binadamu hupasha joto tabaka jembamba la hewa linalogusana na ngozi, na tabaka hilo ni kama shuka tuliyojifunika bila kuiona. Upepo huiondoa shuka hiyo kila mwili unapoitandika, na mwili hulazimika kutoa joto jingine, kisha jingine, hadi ngozi inaposhindwa kufidia kinachopotea.

Miongoni mwa watu wa kwanza kulipima jambo hili kwa namba walikuwa Wamarekani wawili, Paul Siple na Charles Passel, walioning'iniza chombo kidogo cha plastiki chenye maji katika upepo wa Antaktika mwanzoni mwa miaka ya 1940 na kuhesabu muda ambao maji yalichukua kuganda. Mwaka 2001 Kanada na Marekani ziliachana na hesabu hiyo ya zamani na kuanza kutumia mpya, iliyotokana na majaribio ya watu waliojitolea kutembea mbele ya upepo wa mashine huku nyuso zao zikiwa wazi. Namba ya pili kwenye simu ya mpwa wangu ilitokana na hesabu hiyo. Haimaanishi kwamba hewa imefika hasi 33. Chupa ya maji ukiiacha nje haitapoa kupita hasi 20 hata upepo uvume vipi. Maana yake ni kwamba uso wa binadamu ulio wazi unapoteza joto kwa kasi ileile ambayo ungelipoteza katika hewa tulivu yenye hasi 33. Kwa hiyo, kwa mavazi na kwa muda wa kukaa nje, fuata namba ya pili.

Upepo wa kilomita 30 kwa saa si dhoruba. Ni kusi ya kawaida inayotikisa minazi ya Raskazone. Lakini upepo huohuo, hewa ikiwa hasi 20, unakupa hasi 33, na hewa ikiwa hasi 30 unakupa hasi 46. Ukikimbia au ukiendesha baiskeli, unajiongezea upepo wako mwenyewe. Anayekwenda Marekani akumbuke pia kwamba wenzetu wa huko wanapima joto kwa Farenhaiti, ilhali sisi tunapima kwa Selsiasi: sifuri yao ni karibu hasi 18 yetu, na vipimo hivi viwili vinakutana katika hasi 40.

Hesabu dakika kabla ya kufungua mlango

Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko mengine yote. Baridi ya aina hii haipimwi kwa uvumilivu, inapimwa kwa dakika. Idara ya hali ya hewa ya Kanada inaeleza kwamba kipimo cha baridi ya upepo kikiwa kati ya hasi 28 na hasi 39, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Kikiwa kati ya hasi 40 na hasi 47, ni dakika 5 hadi 10. Kuanzia hasi 48 hadi hasi 54 ni dakika 2 hadi 5, na kikifika hasi 55 hazifiki hata dakika 2. Usidhani hizi ni namba za vitabuni tu: tarehe 30 Januari 2019, jiji kubwa kama Chicago lilifikia baridi ya upepo ya karibu hasi 47.

Mimi niliyajua haya kwa sikio langu la kushoto. Katika majira yangu ya kwanza ya baridi nilisubiri basi kwa muda unaokaribia nusu saa, nimevaa kofia nzuri iliyoishia juu ya masikio. Sikio liliuma sana, kama limebanwa na koleo, kisha maumivu yakaisha ghafla. Nilifurahi, nikadhani mwili umezoea. Mama mmoja mtu mzima aliyekuja kusimama karibu yangu alinitazama, akavua skafu yake bila hata kuniuliza, akanifunga nayo kichwa na kunisukuma ndani ya duka la jirani. Kwenye kioo cha duka hilo niliona ukingo wa sikio umekuwa wa kijivu kama majivu ya kuni, na nilipougusa ulikuwa mgumu kama nta ya mshumaa; nilihisi kidole changu kikigusa kitu, lakini sikio halikuhisi kidole. Lilipopata joto liliuma usiku kucha, likatoa malengelenge, na hadi leo ndilo linalotangulia kuuma ninapopanda Lushoto wakati wa kipupwe. Kule kuisha kwa maumivu ndiko kulikokuwa hatari yenyewe: mishipa ya fahamu ilikuwa imenyamaza.

Ninalieleza hili kwa urefu kwa sababu maelekezo mengi ya huko yamwambia mtu atazame ngozi iliyopauka au kuwa nyekundu, na juu ya ngozi nyeusi dalili hizo hazionekani kwa urahisi. Sisi tutafute rangi ya kijivu, ngozi inayong'aa kama nta, ugumu na ganzi, na tutumie kugusa kuliko kutazama. Tafiti zilizofanywa kwa wanajeshi wa Uingereza na Marekani zimeonyesha pia kwamba wenye asili ya Afrika huumizwa na baridi mara nyingi zaidi kuliko wenzao Wazungu. Kwa hiyo rafiki yako wa huko akikuambia kwamba yeye hutoka bila glavu na hapati neno, mshukuru kwa habari hiyo, kisha vaa glavu zako.

Mavazi

Adui wa kwanza ni pamba. Shati la pamba, jinzi, soksi za pamba na kanga uliyojifunga ndani hunyonya jasho na kulishikilia, na nguo yenye unyevu hukuibia joto upesi kuliko iliyo kavu. Nguo inayogusa mwili iwe ya sufu au ya nyuzi za polista, ndefu ya mikono na miguu. Juu yake sweta la sufu au jaketi la manyoyamanyoya. Na nje kabisa koti refu lisilopitisha upepo. Koti zito pekee juu ya fulana ya pamba halikutoshi. Ukitembea kwa haraka ukaanza kutoka jasho, punguza mwendo au fungua zipu kidogo, kwa kuwa jasho hilo litakugeukia mara utakaposimama.

Koti la kuanzia unaweza kulipata hapahapa. Katika mabunda ya mitumba ya Tanga hutokea makoti ya nchi za baridi ambayo huku hayana wanunuzi wengi nje ya waendesha bodaboda, na bei yake huwa ndogo kuliko ya dukani kule. Liminye mgongoni: ujazo wa manyoya ya bata hurudi juu taratibu ukiachia, na uliochakaa hubaki umelala. Angalia kama zipu inafika kidevuni na ina mkanda wa kitambaa nyuma yake wa kuzuia upepo, kama mikono ina mpira kwenye vifundo vya mkono, na kama kofia ya koti ipo na inakazika kwa kamba. Buti usinunue mitumba. Nunua mpya ukifika, kubwa kidogo kuliko mguu wako, ili soksi nene ikae bila kubana, kwa kuwa kiatu kinachobana huzuia damu kufika kwenye vidole. Glavu bora ni zile za mfuko, ambazo vidole vinne hukaa pamoja na kupashana joto.

Yapo mambo madogo ambayo hakuna aliyenieleza. Ukishatia udhu, jikaushe vizuri kabla ya kutoka, hasa katikati ya vidole, ndevu na nyuma ya masikio. Mwanamke anayevaa mtandio wa pamba avae juu yake kofia ya sufu au skafu, na asitoke na misuko iliyolowa. Herini za chuma zivuliwe, kwa kuwa chuma hupeleka baridi moja kwa moja kwenye ndewe. Mafuta ya mgando na mafuta ya nazi husaidia ngozi isikauke na kupasuka, lakini hayazuii kuganda. Anayejipaka kwa wingi akaamini amejikinga anaweza kukaa nje kupita kiasi.

Baridi ikishakupata

Ingia ndani kwanza. Kwetu mtu akiingiwa na ganzi humchua kwa mafuta. Hapa usifanye hivyo kabisa, wala usisugue kwa theluji, kwa kuwa kusugua huichana nyama iliyoganda. Tumbukiza sehemu hiyo katika maji ya uvuguvugu, nyuzi 37 hadi 39, yaani yale ambayo kiwiko cha mtu asiyeumia kinayaona yanafaa kumwogeshea mtoto mchanga, hadi ngozi ilainike na hisia zirudi. Usiikaribishe kwenye moto wala hita, maana haitahisi inapoungua. Kama bado uko njiani na inaweza kuganda tena, usiiyeyushe hadi utakapofika mahali pa usalama. Malengelenge usiyapasue, nenda hospitali.

Hatari kubwa zaidi ni joto la mwili mzima kushuka chini ya nyuzi 35. Mgonjwa hutetemeka sana, huangusha vitu, ulimi huwa mzito, hupepesuka kama mlevi na kusema anataka tu kulala. Akiacha kutetemeka ilhali hajapata joto, hali yake imekuwa mbaya zaidi. Piga 911 ukiwa Kanada au Marekani, 112 ukiwa nchi nyingi za Ulaya. Wakati mkisubiri, mvue nguo zilizolowa kwa upole, mfunike, umpashe joto kifuani, shingoni na kwapani kabla ya mikono na miguu, na kama ana fahamu kamili mpe chai yenye sukari. Pombe asipewe: hufungua mishipa ya ngozi, mtu akajiona amepata joto ilhali joto hilo ndilo linalomtoka.

Umeme ukikatika, nawasihi ndugu zangu, msiingize jiko la mkaa ndani. Nyumba zetu zina madirisha ya nyavu na hewa inapita. Nyumba za kule zimezibwa kila upenyo. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu wakiwa usingizini. Februari 2021, baridi ilipokata umeme katika jimbo la Texas, wapo waliokufa kwa hewa hiyo baada ya kuwasha mkaa, jenereta au gari ndani ya nyumba na gereji. Kusanyikeni chumba kimoja, zibeni chini ya mlango kwa mablanketi, vaeni nguo zote mlizonazo. Gari likikwama katika theluji, baki ndani yake, washa injini kama dakika 10 kwa kila saa, na kila mara kabla ya kuiwasha hakikisha theluji haijaziba bomba la ekzosi.

Mpwa wangu siku ile alivua jinzi, akavaa suruali mbili na soksi za sufu, akasubiri ndani hadi simu ilipoonyesha kwamba basi limebakiza dakika 4. Nanyi mliobaki Tanga mna sehemu yenu. Akipiga simu akiwa nje, mkasikia upepo ukivuma kwenye kipaza sauti, jueni kwamba amevua glavu ili ashike simu hiyo na kwamba mkono wake uko wazi. Mwambieni akate, na apige tena akishaingia ndani.