Unapanda Rwenzori? Anza na gambuti

Wageni wanaofika Kasese, mji wa magharibi mwa Uganda ulio chini ya Rwenzori, huulizia kilele. Si ajabu: Margherita ina mita 5,109, na ni Kilimanjaro na Mlima Kenya tu zinazoipita barani Afrika. Mimi huwauliza kwanza kama wana gambuti.

Rwenzori ni mlima wa maji. Desemba hadi Februari, na Juni hadi Agosti, ndiyo miezi yenye nafuu, lakini hata hiyo mvua haikosekani. Ukishauacha msitu unakutana na vinamasi vya Bigo. Sehemu nyingine zimetandikwa mbao. Kwingine unaruka kishungi cha nyasi hadi kishungi, na ukikosea unazama magotini. Buti za ngozi zikilowa huko hazikauki tena. Gambuti zako ziwe zimepwaya kidogo, zimeze soksi mbili nene, na uzizoee nyumbani wiki kadhaa kabla ya safari, maana lengelenge la siku ya kwanza utatembea nalo wiki nzima. Nguo za kulalia zifunge kwenye mfuko wa nailoni, na mchana usiziguse hata ukitetemeka. Ukizilowesha, usiku utalala na baridi yako.

Kwa kilele chenyewe utahitaji kamba, mkanda wa kujifungia na vyuma vya meno vya kufunga chini ya buti. Theluji ya juu imepungua sana na njia hubadilika, kwa hiyo ulizia hali ya mwezi huu, usitegemee simulizi za aliyepanda zamani.

Kichwa kikianza kugonga na chakula kukataa, mwambie kiongozi wako saa hiyo hiyo. Kambi ya Elena, unayolala kabla ya kupanda kileleni, iko mita 4,541, na ugonjwa wa mwinuko dawa yake ni kushuka. Usione haya.

Huruhusiwi kuingia hifadhini bila kiongozi. Wapagazi wengi ni Bakonzo wa vijiji vya chini ya mlima. Kabla hamjaondoka hakikisha nao wana makoti ya mvua na chakula cha kutosha. Jambo hili naliomba kwa moyo wote.

Ukipitia njia ya Kilembe, karibu na Kasese, uliza habari za Mto Nyamwamba. Ulifurika vibaya Mei 2013, na tena Mei 2020. Kama mvua imenyesha mfululizo huko juu, kaa mjini siku mbili, hata kama tiketi ya basi la kurudi umeshakata.