Somo: Kuuzuru Mpaka wa Korea Mbili, kwa Mtu Aliyezoea Horohoro

Sisi wa Tanga tukisikia neno mpaka, tunafikiria Horohoro, kwenye mpaka wetu na Kenya: pasipoti inagongwa mhuri, na muda si mrefu Mdigo wa Duga yuko Lunga Lunga kwa shemeji yake, anakula wali wa arusi. Mpaka wa Korea si wa namna hiyo. Mapigano yalisitishwa tarehe 27 Julai 1953, lakini mkataba wa amani haujatiwa saini hadi leo, na ukanda wenye upana wa kilomita 4 na urefu wa takribani 250 umeikata rasi ile kutoka bahari hadi bahari.

Hatua ya 1. Omba viza ubalozini Dar es Salaam mapema. Ukifika Seoul, jiunge na kundi lenye kibali, kwa kuwa mtu binafsi haruhusiwi kujiendea, na uchukue pasipoti yenyewe wala si nakala, maana askari hupanda basini kuikagua. Usipange Jumatatu.

Hatua ya 2. Anzia Imjingak, bustani ya kumbukumbu iliyo karibu na mpaka, na usiharakishe. Waliozaliwa Kaskazini hufika hapo siku za sikukuu kuwainamia wazee wao kwa mbali, kwa sababu hawawezi kuyafikia makaburi. Seng'enge yake imefunikwa riboni za maombi. Niliyoishika mimi ilikuwa imepauka, wino wake umeoshwa na mvua. Karibu yake kuna kichwa cha garimoshi chenye matundu zaidi ya 1,000 ya risasi, nacho kilinikalisha kimya, mimi niliyekulia mji wa reli.

Hatua ya 3. Ingia handaki la tatu kati ya yale ambayo Kaskazini walichimba kwa siri chini ya mpaka, lililogunduliwa mwaka 1978, lenye urefu wa mita 1,635. Simu huachwa nje, na kofia ngumu ni lazima. Yangu iligonga mwamba mara tatu. Kuta zimepakwa weusi, kwani Kaskazini walidai kwamba walikuwa wakichimba makaa ya mawe, ingawa mwamba wenyewe ni matale.

Hatua ya 4. Malizia kilima cha Dora kwenye darubini, utazame mlingoti wa bendera wa mita 160 upande wa pili. Panmunjom, mahali askari wa pande mbili wanapotazamana, hufungwa na kufunguliwa kulingana na hali, hivyo uliza kwanza. Ukiruhusiwa, usimnyooshee kidole askari yeyote.

Maswali ya wanachama

Swali (Muheza): Shikamoo mwalimu. Je, kanzu inafaa?
Jibu: Marahaba, mwanangu. Mteremko wa handaki ni mkali na kanzu itakutega miguu. Vaa suruali nzima, isiyochanika, na viatu vya kamba.

Swali (Pangani): Je, ndugu waliotengana hawakutanishwi?
Jibu: Walikutanishwa kwa awamu kuanzia mwaka 2000, kwa siku chache tu, kisha kila mmoja akarudi kwake. Mara ya mwisho ilikuwa Agosti 2018.

Swali (Chumbageni): Mwalimu, hata sisi mpaka wetu na Kenya ulifungwa mwaka 1977 hadi 1983. Tofauti iko wapi?
Jibu: Swali zuri, ndugu yangu. Katika miaka hiyo marehemu bibi yangu alipata habari kwamba dada yake amefariki Vanga. Alijifunga kanga, akatoka Jasini alfajiri kwa njia ya panya, akawahi mazishi, na jioni ya siku ya tatu alirejea na kikapu cha maembe. Kule Korea njia ya panya imetegwa mabomu ya ardhini.