Jinsi ya kuandika historia ya timu za kikapu za chuo cha Kikatoliki

Anza na jedwali, simulizi itafuata. Kila msimu uwe na mstari wake: kocha, mechi walizoshinda, walizopoteza, mashindano na hatua waliyofika. Andika miaka yote miwili, mfano 1971–72, maana msimu huanza mwaka huu ukaisha mwaka unaofuata. Ukiandika 1972 tu, misimu miwili itachanganyika.

Chukua Immaculata ya Pennsylvania, chuo cha masista kilichotwaa ubingwa wa wanawake wa Marekani 1972, 1973 na 1974 chini ya kocha Cathy Rush. Ukiutafuta ubingwa huo kwenye orodha za NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, utatoka mikono mitupu, kwani NCAA ilianza mashindano ya wanawake msimu wa 1981–82. Mataji yale yalikuwa ya AIAW, chama kilichosimamia michezo ya wanawake vyuoni wakati huo.

Kinachoharibu kazi nyingi ni majina. Theresa Shank, mchezaji wa Immaculata, aliolewa akawa Theresa Grentz; asiyejua atahesabu watu wawili. Weka safu mbili: jina la enzi za uchezaji na la baadaye.

Matokeo yahakiki kwa daftari la alama. Jumlisha pointi za kila mchezaji. Zisipolingana na jumla ya timu, kuna kikapu kilichoandikwa mara mbili au hakikuandikwa kabisa. Gazeti la wanafunzi likipingana na daftari, fuata daftari, ila tofauti iandike pembeni.

Vipigo navyo usivifiche. Immaculata iliifunga West Chester, chuo kingine cha Pennsylvania, 52–48 kwenye fainali ya 1972, lakini kabla ya hapo West Chester hiyohiyo ilikuwa imeichapa kwa tofauti ya pointi 32.