Klasi za amplifaya: pima joto kabla ya kusifia sauti

Ukiuliza kati ya klasi A, AB na D (njia tofauti za kufanyisha kazi transista za kutokea za amplifaya) ipi inatoa sauti nzuri, utabishana mpaka kesho. Mimi huanza na kalamu: sauti hiyo nitailipia joto kiasi gani?

Hatua ya 1: Piga hesabu

Tuseme unataka wati 25 kwenye spika ya omu 8. Kilele cha wimbi kitafika volti 20 na ampea 2.5. Ukiwa na pawa saplai ya volti 24 chanya na 24 hasi, klasi A yenye transista mbili zinazosaidiana itahitaji ampea 1.25 zipite muda wote, hata kukiwa kimya. Zidisha kwa volti 48: wati 60 za joto, na hiyo ni chaneli moja tu.

Katika klasi B kila transista hushika nusu yake ya wimbi, kisha hupumzika. Vitabu huipa ufanisi wa asilimia 78.5, na hapo wengi hudanganyika, kwa sababu kiwango hicho hupatikana sauti ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho. Nani husikiliza hivyo? Ukiwa kwenye wati 3 hivi, amplifaya yetu huvuta kama wati 13, na 10 kati ya hizo huishia kwenye bamba la kupozea.

Hatua ya 2: Sikiliza kasoro ya B

Transista ya silikoni haiamki mpaka ipate takriban volti 0.6. Wimbi linapovuka sifuri, zote mbili zimelala, na wimbi linavunjika kiunoni. Piga kinanda peke yake kwa sauti ya chini, ufuatilie noti inavyofifia: mwishoni utasikia mkwaruzo kama mchanga. Ukiongeza sauti, mkwaruzo unafunikwa.

Hatua ya 3: Rekebisha bayasi ya AB

Dawa yake ni kuziacha transista zote mbili zikiwa macho kidogo: hiyo ndiyo klasi AB, na mkondo huo mdogo wa kuziamsha huwekwa na bayasi. Chomoa spika, funga sauti, rudisha trima (rezista ndogo ya kurekebishia bayasi) kwenye kiwango cha chini kabisa (hakikisha ni upande gani!), kisha washa ukiwa umeunga balbu ya nyuzi mfululizo na waya wa umeme. Balbu ikiwaka kwa nguvu na isififie, zima, kuna shoti.

Weka multimita kwenye rezista ya emita (iliyoungwa kwenye mguu wa emita wa transista ya kutokea). Ikiwa ni ya omu 0.22, milivolti 11 ni sawa na miliampea 50. Panda taratibu mpaka kiwango cha saketi yako, subiri dakika 15 bamba lipate moto, pima tena. Usidhani ukizidisha unakaribia A: bayasi ikipita kiasi, AB huleta upotoshaji wa aina nyingine, na joto juu.

Kagua pia transista ndogo inayolinda bayasi: lazima igusane na bamba. Niliwahi kuiacha ikining'inia hewani. Joto likaongeza mkondo, mkondo ukaongeza joto, nikabaki na harufu na transista mbili zilizokufa.

Klasi G na H ni AB zinazobadilisha volti za pawa saplai kufuata muziki. Kwa wati nyingi ni akili nzuri. Kwa chumba cha kawaida sioni haja.

Hatua ya 4: D, na koili zake

Hapa transista ni swichi: imefunga au imefungua, mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, yaani mamia ya kilohezi. Ndiyo maana ufanisi huweza kupita asilimia 90 na betri inadumu. Ubora umehamia kwenye koili na kapasita za kutokea, zinazochuja mapigo ya swichi yasifike kwenye spika. Kama zilipangiwa spika ya omu 4 nawe ukaunga ya omu 8, sauti nyembamba huweza kuinuka na kuchoma masikio, hasa kwenye bodi zisizorudisha fidibeki (sampuli ya sauti ya kujisahihisha) kutoka baada ya koili. Badili koili kabla hujailaumu klasi.

Bodi nyingi za D zina waya mbili za spika ambazo zote ni hai. Usiunge hata mmoja kwenye ardhi, wala klipu ya ardhi ya oskiloskopu (kifaa cha kuonyesha mawimbi).