Namna ya Kupima Matumaini ya Watu wa Shehia Yako

Anayekaa barazani kwa muda wa saa moja, iwe Jaws Corner katika Mji Mkongwe au mbele ya duka lolote la Chake Chake, huondoka akiwa na hakika kwamba watu hawaamini tena kitu: bei hazitashuka, viongozi wote ni wamoja, vijana wameharibika na kila mtu ana lake. Asubuhi ya pili, akipita mitaa hiyo hiyo, huwakuta wasemaji wale wale wakichimba msingi wa nyumba ambayo huenda isiezekwe kabla ya miaka mingi, wakitoa fedha za upatu bila ya kuandikiana hati, na wakiwalipia watoto wao masomo ya ziada baada ya skuli. Kwa hiyo swali la kama watu wa siku hizi wameelemea zaidi kwenye matumaini au kwenye tabia ya kubeza kila kitu haliwezi kujibiwa kwa kusikiliza mazungumzo ya jioni peke yake. Mwongozo huu unamlenga mwalimu, mwanafunzi au mjumbe wa kamati ya shehia (ngazi ya chini ya utawala Zanzibar, inayoongozwa na sheha) anayetaka kulijibu swali hilo kwa eneo lake mwenyewe, na kulijibu kwa namna ambayo mtu mwingine anaweza kuihakiki.

Jambo la mwanzo ni kuacha kuuliza swali moja kubwa. Ukimuuliza mtu kama ana matumaini, atakujibu kwa adabu, na adabu si kipimo. Kuna mambo matatu ambayo huchanganywa chini ya swali hilo, nayo yanapaswa kutenganishwa tangu kwenye daftari: mtu anatarajia nini kwa nyumba yake, anatarajia nini kwa Zanzibar nzima, na anaonaje nia za watu wengine. Mambo hayo hayaendi pamoja kila mara. Mvuvi wa Micheweni anaweza kuamini kwamba mwakani atapata mashine mpya ya boti, akaamini pia kwamba hali ya nchi itazidi kuwa ngumu, na juu ya hayo akashikilia kwamba hakuna anayemsaidia mwenziwe bila ya kutaka kitu. Kumwita mtu huyo mwenye matumaini au mwenye kukata tamaa ni kumpunja.

Taasisi ya Afrobarometer, ambayo imekuwa ikikusanya maoni ya Waafrika tangu mwaka 1999, huuliza hali ya uchumi wa nchi mbali na hali ya maisha ya muulizwaji, na utaratibu huo unafaa kuigwa. Maneno ya maswali yawe mepesi na yafungwe kwenye muda: "Mwakani wakati kama huu, hali ya nyumba hii itakuwa bora, itakuwa vile vile, au itakuwa mbaya zaidi?" Kisha swali hilo hilo kwa Zanzibar nzima. Swali la nyumba litangulie, kwani anayeanza kuulizwa habari za nchi huingia katika hotuba, na akishaingia humo hata nyumba yake mwenyewe huiona kwa jicho la hotuba.

Majibu mengi yatakuja na "inshaallah", na wapimaji wengi hukosea hapo. Neno hilo ni sehemu ya ibada na ya malezi. Hulisema mwenye yakini na hulisema anayekwepa, kwa hiyo lisihesabiwe upande wowote. Baada ya kulisikia, subiri kidogo, kisha uliza kwa upole ni kitu gani hasa anachokitarajia. Mwenye tarajio la kweli hutaja kitu: mtoto anamaliza kidato cha nne, mikarafuu ya babu imeanza kuzaa, kaka yupo Oman na ameahidi mtaji. Asiye na tarajio hurudia dua. Ukiwa unazungumza na mzee, amkia kwanza na uachie mazungumzo ya afya na ya watoto yachukue nafasi yake, kwa sababu mzee aliyeulizwa swali la utafiti kabla ya kujuliwa hali hujibu ili umwondokee.

Kipimo cha tatu, cha nia za watu, kinahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa hapa ndipo watu husema mabaya kuliko wanayoyajua. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya jaribio ambalo watafiti walikabidhi zaidi ya pochi 17,000 katika nchi 40 kwa wafanyakazi wa mapokezi wa benki, hoteli, ofisi na sehemu nyinginezo, wakijifanya wameziokota. Pochi zisizokuwa na fedha ziliripotiwa kwa mwenyewe kwa kiwango cha asilimia 40 hivi, na zenye fedha kwa asilimia 51. Watu wa kawaida walioombwa kutabiri walidhani kinyume chake, yaani fedha zikiongezeka uaminifu utapungua, na hata wataalamu wa uchumi hawakutabiri vyema. Somo kwa mpimaji wa shehia ni kwamba asiishie kuuliza kama watu wanaaminika. Aulize maswali mawili yanayofuatana: "Ukisahau simu yako ndani ya daladala, unadhani itarudi?" na "Mara ya mwisho wewe au jamaa yako aliposahau kitu, kilirudi?" Swali la kwanza linapima dhana na la pili linapima yaliyotokea, na tofauti iliyopo kati ya majibu hayo mawili ndiyo inayoonyesha ni kiasi gani cha kutoamini kimetokana na mambo yaliyompata mtu, na kiasi gani kimeokotwa barazani.

Baada ya maneno, tazama vitendo, na binafsi naona sehemu hii ndiyo yenye thamani kuliko zote. Mkarafuu huchukua miaka kama sita hadi minane kabla ya kuanza kuzaa vizuri, na kwa hiyo anayepanda na kulinda miche leo, hata pale mche wenyewe unapotolewa bure, anatoa ushahidi mzito kuliko jibu lolote la mdomo. Hesabu miche mipya yenye kutunzwa, si iliyopandwa kwa ajili ya kupigwa picha. Hesabu vikundi vya upatu na vya hisa: vingapi vimeanzishwa, vingapi vimevunjika, na vilivyovunjika vilivunjwa na nini, kwa kuwa kikundi kilichosambaratika kutokana na mweka hazina kina habari tofauti na kile kilichosambaratika kutokana na msimu mbaya. Tazama mahudhurio ya mikutano ya shehia. Mwenye kulalamika mkutanini bado anaamini kwamba kuna anayemsikia. Wa kuogopewa ni aliyeacha kuja.

Hata hivyo, vitendo navyo vina udanganyifu wake. Wanawake wa Paje na Jambiani, ambako kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwishoni mwa miaka ya 1980, waliona mwani wa kotonii, wenye bei nzuri zaidi, ukishindwa kustawi katika maji ya kina kifupi yaliyozidi joto, na wengi wakabaki na spinosamu ambayo bei yake ni ndogo. Mpimaji akimwona mwanamke bado anafunga kamba baharini asiandike haraka kwamba ana matumaini, kwani huenda hana njia nyingine. Amuulize kama angependa binti yake airithi kazi hiyo. Jibu la hapo lina uzito.

Kuhusu nani aulizwe, baraza halitoshi hata likiwa kubwa namna gani. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu 1,889,773 katika Zanzibar, na wanaokaa barazani jioni karibu wote ni wanaume, wengi wao wenye umri fulani na wenye muda. Chukua nyumba kwa kuruka idadi ile ile, kwa mfano kila nyumba ya kumi kuanzia mwanzo wa njia, na katika nyumba moja uliza mwanamme, katika inayofuata mwanamke. Kwa vijiji vya pwani usiende nyumbani wakati wa maji ya bamvua yanapokupwa, kwa sababu wanawake wengi watakuwa pwani na utawakosa wale wale uliowafuata. Mpe taarifa sheha kabla ya kuanza, usiandike jina la mtu, na kama kazi hiyo ni ya chuo au ya taasisi, tafuta kibali rasmi.

Wakati nao hubadilisha majibu. Mavuno ya karafuu hayalingani, mwaka mmoja mikarafuu huzaa sana na unaofuata huenda ikazaa kidogo, na Pemba yote huzungumza kwa sauti tofauti katika miaka hiyo miwili. Siasa hufanya hivyo zaidi. Aliyepima baada ya kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, ambapo asilimia 66.4 ya waliopiga kura walikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa, asingepata majibu ya aliyepima baada ya uchaguzi wa Oktoba 2015 kufutwa na kurudiwa Machi 2016. Andika tarehe juu ya kila karatasi, na uepuke miezi ya kampeni, isipokuwa kama kampeni ndiyo unayotaka kuichunguza.

Inafaa pia kuongeza swali moja la maarifa, ili ujue kama mtu anaona giza kwa sababu ya alichokishuhudia au kwa sababu habari mbaya ndizo zinazomfikia. Uliza kama malaria imeongezeka au imepungua tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Baada ya dawa mseto kuanza kutumika Zanzibar mwaka 2003, pamoja na vyandarua na upigaji wa dawa majumbani, kiwango cha maambukizi kilishuka hadi chini ya asilimia 1, ingawa ipo miaka ambayo wagonjwa huongezeka. Anayesema malaria imezidi kuliko zamani hasemi uongo; ameshazoea kudhani kwamba kila kitu kimezidi kuharibika.

Katika kusoma matokeo, usijumlishe kila kitu kuwa alama moja. Tuseme umeuliza watu 40, na 24 wanatarajia nyumba zao zitakuwa na hali bora, lakini ni 9 tu wanaoitarajia Zanzibar iwe hivyo. Tofauti ya watu 15 ndiyo habari yenyewe, nayo inaeleza kwamba watu hao wanajiamini wao na jamaa zao kuliko wanavyouamini utaratibu unaowaendesha. Nadhani ndivyo itakavyokuwa katika shehia nyingi. Endapo utakuta kinyume, yaani nchi inatarajiwa mema na nyumba inatarajiwa mabaya, rudi ukatazame kama waliulizwa mbele ya watu. Watu 40 hawatoshi kuisemea wilaya, na hilo liandikwe wazi kwenye ripoti.

Wasomee matokeo walioulizwa, ikiwezekana barazani pale pale, na uandike wanayoyapinga. Kisha rudia kazi hiyo baada ya mwaka mmoja, katika mwezi ule ule, kwa maswali yale yale bila ya kubadilisha neno.