Namna nchi ndogo inavyoweza kukaa katikati ya wakubwa

Kabla afisa wa wizara hajaandika tamko la "kutokuwa na upande", aamue kwanza anazungumzia kipi kati ya vitu viwili. Kuna kutoegemea upande vita vikiwa vinapiganwa; hicho kina sheria yake tangu Mikataba ya Hague ya 1907, ile ya kimataifa kuhusu kanuni za vita. Kuna pia kutofungamana na upande wowote wakati wa amani, na hicho hakina sheria, kina hesabu za fedha, vipuri na kura. Matamko mengi huharibika kwa kuvichanganya.

Tuanze na chenye sheria. Manowari ya nchi iliyo vitani ikitia nanga kwako, andika saa iliyoingia. Kama sheria zako za ndani hazisemi vingine, ina saa 24. Manowari za upande mmoja zisizidi tatu bandarini kwa wakati mmoja. Mafuta ipewe ya kuifikisha bandari ya kwao iliyo karibu zaidi, na ikishachukua, isichukue tena katika bandari yako yoyote mpaka ipite miezi 3. Matengenezo ni ya kuiwezesha kusafiri salama, si kuiongezea nguvu ya kupigana, na wanaopima hilo ni watu wako, si nahodha wao.

Desemba 1939 manowari ya Ujerumani, Admiral Graf Spee, iliingia Montevideo, mji mkuu wa Uruguay, ikiwa na majeraha ya vita. Uruguay ilipeleka mafundi kuikagua, kisha ikaipa saa 72. Waingereza, waliotaka kuichelewesha ili meli zao zaidi zifike, wakaanza kutoa meli zao za biashara bandarini. Kwa nini? Kwa sababu manowari hairuhusiwi kung'oa nanga mpaka zipite saa 24 tangu meli ya biashara ya adui yake iondoke. Mkuu wa bandari asiyekijua kifungu hicho atatumiwa, na hatajua kama ametumiwa.

Wakati wa amani kazi ni ngumu zaidi. Chukua karatasi, chora safu tatu: kitu, anayekitoa, na nani atakileta kikikatwa Jumatatu asubuhi, tena kwa muda gani. Weka mafuta, ngano, dawa, vipuri vya ndege, wakufunzi wa jeshi, na siku hizi programu zinazoendesha malipo ya serikali. Palipobaki wazi katika safu ya tatu, hapo huna msimamo, hata hotuba iwe kali vipi.

Tanzania ilipimwa hapo mapema sana. Muungano wa Aprili 1964 ulikuta Zanzibar imeshaitambua Ujerumani Mashariki, na bara inapokea misaada ya Ujerumani Magharibi, ambayo msimamo wake ulikuwa kwamba anayeitambua Mashariki amejitenga na Bonn, makao ya serikali yake. Njia iliyopatikana ilikuwa ya kati: Ujerumani Mashariki iwe na ubalozi mdogo Dar es Salaam, bila kutambuliwa kama dola. Februari 1965 Bonn ikakata msaada wa kijeshi. Nyerere akajibu kwamba basi na misaada mingine ya serikali yao iondoke.

Angalia kilichofuata, maana ndicho cha kuiga. Mafunzo ya kikosi cha anga hayakupelekwa Moscow kwa hasira. Yalichukuliwa na Kanada, mwanachama wa NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, kama Ujerumani Magharibi yenyewe. Ukimpoteza mtoaji mmoja, tafuta mbadala kwanza katika kambi ile ile. Ukikimbilia kwa hasimu wake, umebadilisha bwana tu. Wakanada walipoondoka 1970 na China ikazidi kuwa mtoaji mkuu wa silaha, mizani iliinama, na ni vigumu kudai vinginevyo.

Ukitaka kuvunja uhusiano, piga hesabu kabla. Desemba 1965 Tanzania ilivunja na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia (Zimbabwe ya leo), ambako walowezi wachache walijitangazia uhuru, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Uamuzi ule tunauona wa haki, lakini haki haikujaza pengo lile la bajeti.

Miradi mikubwa igawe. Njia ya kutoka Zambia hadi baharini haikuachwa mkononi mwa mtu mmoja: reli ya kilomita 1,860 ilijengwa na China, bomba la mafuta na Waitalia, na barabara kuu ilipata fedha za Marekani. Kisha soma mkopo hadi mstari wa mwisho. Ule wa TAZARA, yaani reli hiyo, haukuwa na riba, jambo zuri. Lakini sehemu ya gharama za ndani ilitakiwa itokane na mauzo ya bidhaa za China zilizoletwa kwa mkopo. Kwa maneno mengine, kulipa mishahara ya vibarua kulitegemea maduka yetu kujaza mali za nchi moja. Vifungu vya namna hii havikai ukurasa wa kwanza.

Mwisho, kura. Machi 2, 2022, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipopigia kura uvamizi wa Ukraine, 141 waliunga mkono azimio, 5 wakapinga, 35 wakajizuia, Tanzania, Uganda na Burundi wakiwemo. Wengi hudhani kujizuia ni kukaa kimya. Sivyo. Theluthi mbili huhesabiwa kwa waliopiga ndiyo au hapana tu, kwa hiyo kila anayejizuia anashusha kiwango kinachotakiwa azimio lipite. Andika maelezo ya kura siku moja kabla, aya mbili zinatosha, na maneno hayo hayo yapelekwe kwa kila balozi na kwa msemaji wa serikali nyumbani. Balozi akisema hili New York na waziri akasema lile bungeni, balozi za wakubwa zitakuwa na nakala zote mbili kabla ya jioni.